Njia Mbili za Kuingia Shingoni: Historia ya Upasuaji wa Ugwe wa Mgongo Uliobanwa

Upasuaji wa kuuondolea mbano ugwe wa mgongo shingoni, kwa namna unavyofanyika leo, una umri wa takriban miaka 70 tu, ilhali dalili za kuumia kwa ugwe huo ziliandikwa kwenye mafunjo ya Misri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Pengo hilo halielezwi na uhaba wa visu wala wa ujasiri, kwa kuwa wapasuaji waliweza kuufikia mfereji wa uti wa mgongo tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Walichokosa ni kujua kitu kinachobana ni kipi, kiko upande gani wa ugwe, na mgonjwa angekuwaje lau asingeguswa. Kila mara jibu la mojawapo ya maswali hayo lilipobadilika, njia ya kisu nayo ilibadilika, na ndiyo maana historia ya upasuaji huu haisomeki vizuri bila kwanza kuelewa jinsi shingo ilivyojengwa.

Mfereji na kinachopita ndani yake

Shingo ya binadamu ina pingili 7. Pingili nyingi kati ya hizo zina mwili wa mfupa upande wa mbele na upinde wa mfupa upande wa nyuma, na upinde huo umeundwa na bamba mbili nyembamba ziitwazo lamina. Pingili zikipangana, nafasi iliyo kati ya mwili na upinde huwa mfereji, na ndani ya mfereji huo hupita ugwe wa mgongo, yaani shina la neva linalounganisha ubongo na mikono, kiwiliwili, miguu, kibofu na utumbo. Kati ya mwili wa pingili moja na mwingine huwa kuna diski, ambayo ina ukuta mgumu wa nyuzi nje na kiini laini ndani. Nyuma ya miili hiyo, yaani kwenye ukuta wa mbele wa mfereji, hushuka kano moja ndefu, na kwenye ukuta wa nyuma lamina huungwa pamoja na kano zenye rangi ya manjano.

Mfereji huu hauna nafasi ya kuchezea. Kwa mtu mzima upana wake kutoka mbele kwenda nyuma ni kama milimita 17, na mtu ambaye wake haufiki milimita 13 huhesabiwa kuwa na mfereji mwembamba wa kuzaliwa. Umri unavyosonga, diski hukauka na kupungua kimo, kingo za pingili huota vichomozo vya mfupa, na kano za nyuma hunenepa na kujikunja kila shingo inapoinuliwa kutazama juu. Mabadiliko hayo kwa pamoja huitwa spondilosi ya shingo, na madhara yanayoupata ugwe kwa sababu hiyo huitwa mielopathi. Mtu mwenye mielopathi mara nyingi halalamikii maumivu makali. Huona kwamba vidole havimtii anapofunga vifungo vya shati, mwandiko wake unaharibika, miguu inakakamaa na kuyumba gizani, na baadaye haja ndogo inamwia vigumu kuizuia au kuianza. Kwa kuwa dalili hizo huja polepole na hufanana na za uzee, kwa karne nyingi hakuna aliyezihusisha na shingo.

Kutoka mafunjo ya Misri hadi Danville

Maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuhusu majeraha ya shingo yamo katika mafunjo ya Edwin Smith, yaliyopewa jina la Mmarekani aliyeyanunua mjini Luxor mwaka 1862 na kutafsiriwa na James Henry Breasted mwaka 1930. Nakala hiyo ni ya takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, nayo ina visa 48 vilivyopangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kisa cha 31 kinamhusu mtu aliyeteguka pingili ya shingo, ambaye hana habari na mikono wala miguu yake, uume wake umesimama, na mkojo unamtoka pasipo yeye kujua. Mganga wa Misri alitakiwa kutoa moja ya hukumu tatu, kwamba huu ni ugonjwa atakaoutibu, ugonjwa atakaopambana nao, au ugonjwa usiotibiwa. Kwa kisa hiki alitoa hukumu ya tatu, na uchunguzi wake ulikuwa sahihi kiasi kwamba daktari wa leo angeweza kuuandika kwenye faili bila kubadilisha mengi.

Katika karne ya 2 baada ya Kristo, tabibu Galen alikata ugwe wa wanyama katika viwango tofauti na kuonesha kwamba viungo vinavyopooza hutegemea mahali palipokatwa, ugunduzi ambao ndio msingi wa desturi ya madaktari kutafuta chanzo cha ugonjwa juu ya mahali dalili zinapoanzia. Katika karne ya 7 Paulo wa Aegina, tabibu aliyefanya kazi Alexandria, alishauri kwamba vipande vya mfupa vinavyoubana ugwe baada ya ajali viondolewe kwa kupasua. Ushauri huo ulibaki kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 1,000, kwa sababu kupasua mgongo bila dawa ya usingizi na bila kinga dhidi ya vijidudu kulimaanisha kumuua mgonjwa kwa njia nyingine.

Jaribio lililozua mjadala mkubwa lilifanyika London mwaka 1814, pale Henry Cline katika hospitali ya St Thomas alipoondoa matao (pinde za nyuma) ya pingili zilizovunjika mgongoni mwa mgonjwa aliyepooza. Mgonjwa alifariki, na wapasuaji wa Uingereza wakagawanyika: Astley Cooper akiwa upande wa wanaotaka upasuaji huo uendelee kujaribiwa, na Charles Bell akiupinga kwa hoja kwamba ugwe uliokwisha kupondwa haurudishwi kwa kuondolewa mfupa. Miaka 14 baadaye, mwaka 1828, Alban Gilpin Smith katika mji wa Danville, jimbo la Kentucky, alimpasua mtu aliyepooza baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Mgonjwa alipona kidonda na kurudishiwa sehemu ya hisia zake. Upasuaji wa aina hiyo, wa kuondoa lamina ili kuufungua mfereji kutoka nyuma, ndio uitwao laminektomi.

Njia ya nyuma ilichaguliwa kwa sababu nyepesi kueleweka. Matao ya pingili yako karibu na ngozi na huguswa kwa kidole, hakuna kiungo muhimu kati yake na kisu isipokuwa misuli, na ajali zilizovunja matao zilionekana kuwa chanzo halisi cha mbano. Tangu siku hizo za mwanzo palikuwapo dalili kwamba mambo si hivyo daima. Mwaka 1838 Charles Aston Key wa hospitali ya Guy's, London, alieleza wagonjwa waliopooza ambao ndani ya mfereji wao, kwenye ukuta wa mbele, kulionekana kano iliyonenepa na sehemu ya diski iliyochomoza kuelekea kwenye ugwe. Maelezo hayo, ambayo leo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya ugonjwa huu, hayakubadilisha chochote katika vyumba vya upasuaji vya wakati wake.

Uvimbe, mafuta na diski

Etha ilitumiwa hadharani kumlaza mgonjwa mjini Boston mwezi Oktoba 1846, na mwaka 1867 Joseph Lister akachapisha njia yake ya kuua vijidudu vidondani. Mambo hayo mawili yaliupa upasuaji wa mgongo uhai mpya. Tarehe 9 Juni 1887 Victor Horsley, akifuata uchunguzi wa William Gowers, ambaye alikuwa ameamua mahali pa ugonjwa kwa kupima hisia na nguvu za mgonjwa pekee, alitoa uvimbe uliokuwa ukiubana ugwe wa ofisa mmoja wa jeshi upande wa kifuani. Ofisa huyo, aliyekuwa ameteseka kwa miaka mitatu, alisimama na kutembea tena. Taarifa yao ya mwaka 1888 iliwathibitishia madaktari kwamba ugwe uliobanwa unaweza kurudiwa na uwezo wake, na kwamba ustadi wa neva na ustadi wa kisu lazima viende pamoja.

Mafanikio hayo yalizaa pia kosa lililodumu kwa nusu karne. Kwa kuwa uvimbe ndio ulioleta sifa, kila donge lililokutwa ndani ya mfereji lilipewa jina la uvimbe. Mwaka 1928 Byron Stookey wa New York alieleza wagonjwa ambao ugwe wao wa shingoni ulibanwa kutoka mbele na vipande vya gegedu, akaviita kondroma, yaani uvimbe wa gegedu. Maelezo yake ya dalili yalikuwa bora kuliko yote yaliyotangulia. Kilichokosewa ni asili ya donge lenyewe. Huko Dresden, Georg Schmorl alikuwa akipasua maelfu ya migongo ya maiti na kuonesha jinsi diski zinavyochakaa na kuchomoza, lakini kazi yake ilisomwa na wataalamu wa maiti zaidi kuliko waliotibu walio hai.

Kuona ndani ya mwili wa aliye hai kulianza na eksirei ya Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ambayo ilionesha mifupa lakini si ugwe wala diski. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Jean Sicard na Jacques Forestier mjini Paris waligundua kwamba mafuta ya mbegu za popi yaliyochanganywa na iodini yakiingizwa kwenye majimaji yanayouzunguka ugwe huonekana kwenye eksirei, na mahali yanapokwama ndipo penye mbano. Uchunguzi huo uliitwa mielografia. Kwa msaada wake mpasuaji aliweza kuona kwenye picha, kabla ya kukata, ni pingili ipi afungue.

Hatua iliyofuata ilifanyika Boston. William Jason Mixter, mpasuaji wa neva, na Joseph Barr, mpasuaji wa mifupa, walirudi kwenye stoo ya maabara ya hospitali yao, wakavichunguza upya vipande vilivyohifadhiwa kwa jina la kondroma, na kuona kwamba vingi havikuwa uvimbe bali sehemu za diski iliyopasuka. Makala yao ya mwaka 1934 inakumbukwa zaidi kwa habari ya maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, lakini miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo pia wa shingo. Stookey mwenyewe aliandika upya mwaka 1940, safari hii akizungumzia diski.

London, 1952

Diski iliyopasuka ghafla ni jambo moja. Kuchakaa kwa shingo kwa miaka 20 ni jambo jingine. Aliyezitenganisha hali hizo mbili kwa uwazi alikuwa Russell Brain wa London, kwanza katika mjadala wa mwaka 1948 na kisha, akiwa na Douglas Northfield na Marcia Wilkinson, katika makala ndefu ya mwaka 1952 kuhusu spondilosi ya shingo na athari zake kwa neva. Walieleza kwamba wagonjwa wengi wazee waliokuwa wamewekwa kwenye kapu la magonjwa ya neva yasiyo na tiba, kwa kweli walikuwa na ugwe unaosagwa polepole na mihimili ya mfupa na diski iliyo ukuta wa mbele wa mfereji, mara nyingi katika pingili kadhaa kwa pamoja.

Baada ya hapo ugonjwa ulikuwa na jina na picha, na laminektomi ikawa tiba yake ya kawaida. Matokeo yalikatisha tamaa. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, wengine walibaki walivyokuwa, na wengine waliamka wakiwa wamepooza zaidi. Sababu zilijulikana kidogo kidogo. Ili kuondoa lamina, ncha ya koleo la kukatia mfupa ililazimika kupita chini yake, mahali ambapo ugwe ulikuwa tayari hauna nafasi; shingo iliyoinamishwa nyuma wakati wa kulazwa usingizi ilizidi kuufinya mfereji; na mfupa wa nyuma ukishaondolewa, shingo ya baadhi ya wagonjwa ilikunjika mbele baada ya miaka, ugwe ukatandazwa juu ya vichomozo vilevile ambavyo havikuguswa. Mwaka 1947 Edgar Kahn wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa amekwisha kueleza kwamba ugwe umeshikwa ubavuni na kano ndogo zinazouzuia kurudi nyuma unaposukumwa kutoka mbele, na baadhi ya wapasuaji wakaanza kuzikata kano hizo bila mafanikio ya kutegemewa. Hoja yenyewe ilikuwa imeshatajwa wazi: kinachobana kiko mbele, na kisu kinaingilia nyuma.

Kuingia kwa mbele

Jibu lilitoka Baltimore. Mwaka 1955 Robert Robinson, mpasuaji wa mifupa, na George Smith, mpasuaji wa neva, wote wa Johns Hopkins, walichapisha taarifa fupi ya kuifikia diski ya shingo kutoka mbele, wakaikamilisha kwa maelezo marefu mwaka 1958. Njia yao inashangaza kwa upole wake. Ngozi hukatwa kwa mstari mfupi ubavuni mwa koo, kisha mpasuaji hupita kwa vidole katika nafasi ya asili iliyopo kati ya ala ya mshipa mkuu wa damu wa shingoni, ambayo husogezwa upande wa nje, na koromeo pamoja na umio, ambavyo husogezwa upande wa ndani, hadi afike kwenye uso mweupe wa miili ya pingili bila kukata msuli mkubwa wowote. Diski hutolewa yote, na mahali pake huwekwa kipande cha mfupa kilichochongwa kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, ili pingili mbili ziungane na kuwa mfupa mmoja. Robinson na Smith hawakuvigusa vichomozo vya mfupa, kwani waliamini kwamba pingili zikishaacha kusuguana, vichomozo vitasinyaa vyenyewe.

Ralph Cloward wa Honolulu, ambaye jina lake lilijulikana kwa kuwapasua majeruhi wa kichwa baada ya shambulio la Pearl Harbor mwezi Desemba 1941, hakuwa na subira hiyo. Katika makala yake ya mwaka 1958 alieleza jinsi ya kutoboa tundu la mviringo katikati ya pingili mbili, kuondoa kupitia tundu hilo diski na vichomozo hadi utando wa ugwe uonekane, na kisha kuliziba kwa kizibo cha mfupa chenye kipenyo kilekile. Alibuni vifaa vyake mwenyewe, na seti hiyo ya vifaa iliisambaza mbinu yake. Katika miaka hiyohiyo wapasuaji wa Hong Kong, wakiongozwa na Arthur Hodgson, walikuwa wakifuata wazo linalofanana katika kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott alikuwa amekieleza mwaka 1779. Kwa kuwa usaha na mfupa uliooza viko mbele ya ugwe, waliviendea mbele.

Njia ya mbele ilikuja na hatari zake. Neva inayoendesha nyuzi za sauti hupita karibu na jeraha, na mgonjwa anaweza kuamka akiwa na sauti iliyokauka. Kumeza huwa kugumu kwa siku au miezi. Na kipande cha mfupa kilichopandikizwa kinaweza kuchomoka. Tatizo la mwisho lilipungua pale wapasuaji wa Ulaya, akiwemo Wolfhard Caspar wa Ujerumani, walipotengeneza sahani ndogo za chuma za kufungia pingili kwa skrubu kutoka mbele. Baadaye zilikuja diski bandia zinazoacha pingili ziendelee kusogea, na mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza ya aina hiyo kwa shingo.

Japani na mlango wa bawaba

Njia ya mbele hufaa pale penye mbano katika diski moja au mbili. Nchini Japani wapasuaji walikutana na ugonjwa uliokataa mpaka huo. Mwaka 1960 Tsukimoto alichapisha uchunguzi wa maiti ya mtu ambaye kano ndefu ya ukuta wa mbele wa mfereji ilikuwa imegeuka mfupa. Ilibainika kwamba hali hiyo si adimu kwa Wajapani. Inakadiriwa kuwapata kati ya asilimia 1.9 na 4.3 ya watu wenye zaidi ya miaka 30, na mwaka 1975 wizara ya afya ya nchi hiyo iliunda kamati maalumu ya kuitafiti. Kano iliyogeuka mfupa huenea pingili nyingi na mara nyingine hushikamana na utando wa ugwe, kiasi kwamba kuing'oa kutoka mbele huweza kuuchana utando huo.

Wajapani wakarudi nyuma, lakini si kwa laminektomi ya zamani. Mwaka 1968 Kirita alianza kutumia tupa ya umeme inayozunguka kwa kasi, akizipunguza lamina unene hadi ziwe kama ganda ndipo aziondoe zote kwa pamoja, bila kuingiza chombo chochote chini yake. Mwaka 1973 Oyama na Hattori waliacha kabisa kuziondoa. Walizichonga na kuzipanga upya ili mfereji upanuke huku paa lake likibaki. Kisha mwaka 1977 Hirabayashi Kiyoshi wa Chuo Kikuu cha Keio, Tokyo, akafanya upasuaji ambao ndio uliosambaa zaidi duniani. Upande mmoja wa matao alikata mfuo mdogo uliopenya mfupa wote. Upande wa pili alikata mfuo kama huo lakini akaacha ganda jembamba la ndani. Kisha akayainua matao yote kwa pamoja kama mlango unaogeukia kwenye bawaba, na kuyafunga yasirudi. Ugwe ulioachwa huru husogea nyuma, mbali na kinachoubana mbele, mradi shingo bado ina mpindo wake wa asili. Upasuaji huo huitwa laminoplasti, na mwaka 1982 Kurokawa alichapisha aina nyingine inayofunguka katikati kwa milango miwili.

Kwa hiyo mjadala wa njia mbili, ambao mwaka 1958 ulionekana kuisha kwa ushindi wa njia ya mbele, ulifunguliwa upya na ugonjwa wa aina nyingine. Kanuni iliyotokana na uzoefu huo bado inafundishwa: mpasuaji huangalia kinachobana kiko upande gani, kimeenea pingili ngapi, na shingo imepinda kuelekea wapi, ndipo achague pa kuingilia.

Kijiti, kijiko na kifungo

Ubishi wa njia ipi ni bora haukuweza kumalizwa bila kipimo cha pamoja cha kilichomtokea mgonjwa. Mwaka 1972 Nurick alitunga madaraja kutoka 0 hadi 5 yanayotegemea kutembea na kufanya kazi. Mwaka 1975 Chama cha Wapasuaji wa Mifupa cha Japani kikatoa kipimo cha alama 17 kinachohesabu mikono, miguu, hisia na kibofu, na swali lake la mikono ni iwapo mgonjwa anaweza kula kwa vijiti. Kipimo hicho kilipovuka bahari kuingia Marekani, Edward Benzel na wenzake mwaka 1991 walikifanya cha alama 18 na kukibadilisha kilingane na meza na mavazi ya huko, kwa kuuliza kama mgonjwa anaweza kula kwa kijiko na kufunga vifungo vya shati. Mabadiliko hayo madogo yanaonesha kwamba ugwe hupimwa kwa kazi za kila siku za mikono ya jamii husika.

Mjapani mwingine, Ono, alieleza mwaka 1987 jaribio lisilohitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Mgonjwa hunyoosha mikono, hufumba ngumi na kuifumbua yote haraka awezavyo kwa sekunde 10, na daktari huhesabu. Mtu mwenye ugwe mzima hufikisha mara 20 au zaidi. Mwenye ugwe uliobanwa huchoka mapema, vidole hufumbuka kwa uzito kimoja baada ya kingine, na kidole cha mwisho hushindwa kukaa karibu na wenzake kinaponyooshwa.

Kwa upande wa picha, mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza London mwezi Oktoba 1971, na katika miaka ya 1980 ikafuata MRI, ambayo kwa mara ya kwanza ilimwonesha daktari ugwe wenyewe ukiwa umebonyea, bila mafuta wala sindano. Tangu hapo maswali ya kinachobana na ya upande wake yalikuwa na majibu kabla mgonjwa hajafika mezani.

Nani apasuliwe, na lini

Swali la tatu, la hali ya mgonjwa asipopasuliwa, ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1956 Clarke na Robinson (si yule wa Baltimore) walifuatilia wagonjwa 120 na kuona kwamba asilimia 75 walizorota kwa ngazi, yaani walishuka ghafla, wakatulia kwa miezi au miaka, kisha wakashuka tena. Lees na Turner mwaka 1963, na Nurick baadaye, waliona vipindi virefu vya utulivu na wakashauri tahadhari. Mjini Brno, Jamhuri ya Cheki, Kadaňka na wenzake waliwagawa kwa kura wagonjwa wenye dalili za wastani au hafifu kati ya kupasuliwa na kutopasuliwa, na hata baada ya miaka 10 hawakukuta tofauti kubwa kati ya makundi hayo. Kwa upande mwingine, utafiti ulioongozwa na Michael Fehlings katika vituo 12 vya Amerika Kaskazini, uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusisha wagonjwa 278, ulionesha kwamba waliopasuliwa walipata nafuu katika ngazi zote za ugonjwa, na si kusimamishiwa kuzorota tu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 ulizipatanisha kazi hizo: mwenye ugonjwa wa wastani au mkali apasuliwe, na mwenye ugonjwa hafifu achague kati ya kisu na mazoezi yanayosimamiwa, mradi afuatiliwe kwa karibu. Ubishi wa mbele na nyuma nao ulipewa jaribio lake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 kuhusu wagonjwa 163 hayakuonesha njia moja kuishinda nyingine katika afya ya mwili baada ya mwaka mmoja, ingawa waliopasuliwa mbele walipata matatizo zaidi, hasa ya kumeza.

Katika Afrika ya Mashariki na Kati historia hii ni fupi na ilianza na majeraha na kifua kikuu kabla ya kufikia uchakavu wa diski. Mwaka 1967 Renato Ruberti, mpasuaji kutoka Italia, alianza kazi ya upasuaji wa neva Nairobi, na mwishoni mwa muongo huo kitengo cha fani hiyo kilianzishwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na Ian Bailey. Mwaka 1968 Lawrence Levy, aliyefanya kazi Salisbury, mji ambao leo ni Harare, alichapisha makala kuhusu madhara yanayozipata shingo za watu wanaobeba mizigo kichwani, mada ambayo wataalamu wa London na Baltimore wasingekutana nayo wodini mwao. Dar es Salaam ilipata Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, kwa sheria ya mwaka 1996, na humo upasuaji wa shingo wa mbele na wa nyuma hufanywa na wataalamu waliosomea ndani na nje ya nchi.

Kikwazo kilichosalia, huko na kwingineko, kiko kabla ya mlango wa chumba cha upasuaji. Hata nchini Israeli, ambako mashine za MRI hazikosekani, utafiti wa mwaka 2013 ulionesha kwamba kati ya dalili ya kwanza na kutambuliwa kwa ugonjwa hupita kwa wastani zaidi ya miaka miwili, mgonjwa akitibiwa kwanza kwa tatizo la neva ya kiganja au kuambiwa ni uzee. Ugwe ukishabanwa kwa muda mrefu, seli zake hufa na upanuzi wa mfereji hauzirudishi, jambo ambalo Charles Bell alilidai mapema karne ya 19 akipinga upasuaji, na ambalo leo linatumiwa kama hoja ya kuuharakisha. Kwa mgonjwa wa leo, kuchelewa kwa miaka hiyo miwili kunaweza kumgharimu zaidi ya kosa la kuchagua kati ya mbele na nyuma, na jaribio la kufumba na kufumbua ngumi kwa sekunde 10 liko ndani ya uwezo wa kila zahanati.